Tochi, mgambo na hesabu ya bosi: kwa nini idadi ya wanaonaswa haituambii mengi

Barabara ya Morogoro, ukishaiacha Mbezi unaelekea Kibaha, gari linalokuja mbele yako likikuwashia taa mara mbili mchana kweupe huhitaji kuelezwa. Kuna trafiki mbele, na huenda ana tochi, kile kifaa cha kupima mwendo wa gari. Mguu unatoka kwenye mafuta, mshale unashuka hadi 50, konda anawaambia waliosimama kwenye korido wachuchumae kidogo, na msafara mzima unapita mbele ya askari kwa adabu zote. Wakishaipita kona kila mtu anakanyaga. Jioni askari yule ataandika idadi ya aliowanasa, na idadi hiyo itaingia kwenye ripoti. Mtu akiisoma ripoti na kuhitimisha kwamba madereva wengi wa njia hiyo ni watiifu, atakuwa amepima kitu kingine kabisa: amepima jinsi habari za trafiki zinavyosafiri haraka.

Wapo watu ambao kazi yao ni kuchunguza jambo hili kwa undani. Wachumi, wanahisabati, wataalamu wa kompyuta na wa masuala ya uhalifu hutengeneza modeli, yaani picha iliyorahisishwa ya mahali panapolindwa, yenye mlinzi, mkwepaji, faida, hatari na habari zinazozunguka kati yao. Lengo ni kujibu maswali ambayo jiji kama Dar es Salaam huyakuta kila siku. Kwa nini faini imepanda na makosa hayajapungua? Kwa nini wamachinga waliondolewa Jumatatu na Alhamisi wamerudi? Kwa nini bodaboda wanaingia njia ya mwendokasi, yaani ya mabasi yaendayo haraka, mahali fulani tu na mahali pengine hawathubutu? Naamini majibu ya modeli hizi yanastahili kusikika zaidi kuliko yanavyosikika, maana tumezoea dawa mbili tu: ongeza faini, ongeza askari.

Tuanze na aliyeianzisha njia hii ya kufikiri. Gary Becker, mchumi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1992, alisimulia kwamba wazo lilimjia siku moja akiwa amechelewa kwenda kumtahini mwanafunzi. Alipaswa kuamua haraka: alipie maegesho, au aache gari barabarani pasiporuhusiwa na kujaribu bahati yake? Akapiga hesabu ya uwezekano wa kukamatwa, ukubwa wa faini na gharama ya maegesho, akaona bora ajaribu. Mwaka 1968 alichapisha nadharia nzima juu ya hesabu hiyo. Kwake yeye, anayevunja sheria ni mtu wa kawaida anayelinganisha anachopata na anachoweza kupoteza.

Tuilete hesabu hiyo Dar. Daladala lina njia iliyopangiwa, tuseme kutoka Mbagala hadi Kariakoo. Jioni foleni ikikaza, dereva anajua akigeuza kabla ya kufika mwisho, wenyewe wanaita kukatisha ruti, atawahi kupakia upya. Tukadirie, kwa ajili ya mfano tu, kwamba kukatisha kunampa shilingi 10,000 za ziada, na akinaswa atatoka na hasara ya 30,000, ambayo ndiyo faini iliyozoeleka ya trafiki. Akikatisha mara nne na kunaswa mara moja, mara tatu zimempa 30,000 na ile moja imezichukua zote. Ngoma droo. Akinaswa chini ya hapo, kukatisha kunalipa. Hakuna dereva anayeandika hesabu hii kwenye karatasi, lakini kaa kijiweni na makonda utawasikia wakiijadili kwa lugha yao: leo wapo wangapi, wamekaa wapi, nani yuko zamu.

Hapo ndipo mtu anasema basi pandisha faini. Kabla ya kufika huko kuna jaribio moja linalofaa kukumbukwa. Uri Gneezy na Aldo Rustichini walifuatilia shule 10 za kulelea watoto mjini Haifa, Israel, ambako wazazi walikuwa wakichelewa kuwafuata watoto wao. Baadhi ya shule zikaweka faini ndogo kwa kila anayechelewa. Wachelewaji wakaongezeka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000, na maelezo yake ni rahisi: kabla ya faini mzazi aliona haya mbele ya mwalimu, baada ya faini aliona amelipia huduma. Faini ilipoondolewa, haya haikurudi. Makonda wa Dar wanalifahamu hili vizuri. Kwa wengi wao, 30,000 imekuwa gharama ya siku kama mafuta na ushuru wa stendi, inatengwa mapema, na mtu akishalipa asubuhi anaona amejikomboa hadi jioni.

Sasa tuseme faini imepandishwa kweli, tena sana, hadi 90,000. Kwa hesabu yetu ya mwanzo, kukamatwa mara moja katika safari kumi kunatosha kuifanya kazi ya kukatisha ruti isilipe. Wengi wataishia hapo na kufurahi. Wataalamu wa nadharia ya michezo, hisabati ya watu wanaoamua huku kila mmoja akimwaza mwenzake, hawaishii hapo, kwa sababu barabarani kuna mtu wa pili anayefikiri, naye ni askari. Melvin Dresher aliliweka jambo hili kwenye hisabati mwaka 1962, akiwaza ukaguzi wa silaha kati ya mataifa makubwa: mkaguzi ana nafasi chache za kukagua, mkaguliwa anazijua, na kila mmoja anajaribu kubashiri mwenzake. Mwaka 1989 George Tsebelis akatoa hitimisho lililowakera wengi. Katika mchezo wa namna hiyo, alionyesha, kupandisha adhabu kunaweza kubadilisha tabia ya mlinzi kuliko ya mkwepaji. Faini ikiwa kubwa, wakwepaji hupungua kwanza. Askari akiona wamepungua anapunguza kusimama juani, kwa nini ajitese? Naye akilegea, wakwepaji wanarudi, hadi pale wanapokuwa wengi kiasi cha kumfanya aone kutoka kunalipa tena. Kiwango cha makosa kinaishia kuamuliwa na gharama na motisha ya anayelinda: jua, posho, umbali wa kituo, na bosi wake anamdai nini.

Kuna sharti ndani ya hitimisho hilo, nalo lina uzito. Linasimama pale ambapo mlinzi anaamua siku kwa siku kutokana na anachokiona. Mlinzi akiweza kujifunga mapema kwenye mpango na kuufuata hata siku ambayo hakuna kosa, mchezo unabadilika. Mchumi wa Kijerumani Heinrich von Stackelberg aliandika mwaka 1934 kuhusu kampuni inayotangulia kuamua huku nyingine zikiifuata, na miongo kadhaa baadaye wataalamu wa kompyuta wakalichukua wazo lake kwenye ulinzi. Mwaka 2007 timu ya Milind Tambe, Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, iliweka programu katika uwanja wa ndege wa Los Angeles ili ipange vizuizi vya barabara zinazoingia uwanjani na doria za mbwa kwenye majengo ya abiria. Programu inachukulia kwamba adui amekaa muda mrefu akiitazama doria na ameijua tabia yake yote. Kisha inauliza: ratiba ipi, hata ikijulikana kwa tabia zake za jumla, bado haimwambii adui leo saa nne kizuizi kitakuwa wapi? Jibu ni bahati nasibu iliyopimwa, ambamo sehemu nyeti hupata nafasi kubwa zaidi ya kupangiwa doria na hakuna sehemu inayoachwa kabisa. Mbinu ya familia hiyohiyo ilipelekwa baadaye kwa askari wa wanyamapori katika Hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda, dhidi ya wawindaji haramu wanaotega nyaya.

Kwa nini kompyuta, wakati afisa anaweza kuamua mwenyewe kubadilisha sehemu? Kwa sababu binadamu hawezi kubahatisha kweli. Ukimwambia achague vituo ovyo ovyo atakwepa kurudia cha jana, na tayari umejua leo si pale. Dar kuna sababu nyingine isiyoingia kwenye hesabu za Los Angeles: jua la saa saba. Askari atatafuta mti, na miti yenye kivuli kando ya barabara zetu inahesabika. Silisemi hili kwa dharau. Mtu anayesimama kwa muda wa saa nane kwenye lami anastahili kivuli, na mpango wowote usiompa kivuli utamfanya aende palipo na mwarobaini, mahali ambapo kila dereva wa njia hiyo anapajua.

Bado kuna zile taa. Modeli nyingi za mwanzo zilimchukulia mkwepaji kama mtu mmoja mmoja. Huku kwetu mkwepaji ni mtandao. Taa moja ya mchana inafika kwa magari yote yanayokuja, bodaboda wanapashana vijiweni, na kwenye makundi ya WhatsApp sauti ya sekunde nne inatosha. Habari ikisafiri haraka kuliko askari anavyohama, ubahatishaji wa sehemu unapoteza maana dakika chache baada ya yeye kusimama. Lakini itazame vizuri taa ile. Kila dereva aliyemulikwa amepunguza mwendo kwa kilomita kadhaa, pengine akapita mbele ya shule au soko taratibu, bila askari kumgusa mtu. Kama shabaha ya tochi ni watoto kuvuka salama, aliyewasha taa ameifanya nusu ya kazi. Kama shabaha ni idadi ya faini mwisho wa mwezi, aliyewasha taa ni adui. Modeli haiwezi kukuchagulia shabaha. Inachofanya ni kukulazimisha uiandike kabla ya kuanza, na hapo ndipo mipango mingi inakwama.

Anayetaka kweli kupunguza mwendo ana njia isiyojali taa. Uingereza na Uholanzi, kwa mfano, zimeweka sehemu kadhaa kamera mbili zinazosoma namba ya gari mwanzo na mwisho wa kipande cha barabara, kisha zinagawanya umbali kwa muda. Dereva anaweza kukimbia katikati akitaka, ila itabidi asimame mahali angoje dakika zipite, na zile alizoziokoa zimekwisha. Kukwepa kumebaki kunawezekana ila hakuna faida. Mabasi yetu ya mikoani, ambayo kisheria hayapaswi kuzidi kilomita 80 kwa saa, yamefungiwa VTS, kifaa cha kufuatilia mwendo wa gari kinachoangaliwa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, na hapo tunaona ukwepaji ukihama: umetoka kwenye kona yenye trafiki umeingia kwenye kifaa chenyewe, hadi mamlaka zikawaonya hadharani wanaokichezea. Mkwepaji huenda kokote penye tundu, na modeli inayoangalia barabara tu haitaona mikono iliyo chini ya dashibodi.

Kwa Kariakoo inafaa modeli ya aina nyingine. Mwaka 2002 Joshua Epstein alichapisha modeli ambamo kompyuta inajazwa watu wa kubuni wanaotembea kwenye miraba, pamoja na askari wa kubuni. Kila mtu ana kiwango chake cha manung'uniko, ambacho Epstein alikipata kwa kuzidisha vitu viwili: ugumu wa maisha na kutoikubali mamlaka. Kila mtu anaona miraba michache tu inayomzunguka. Akiona askari wengi karibu, anatulia. Wakiondoka, anaonyesha rangi yake. Epstein hakuandika popote kwenye programu kwamba watu hawa wadanganye, lakini walipowekwa pamoja walianza kufanya hivyo wenyewe: utulivu kamili mbele ya askari, na kinyume chake mgongo ukigeuka.

Simama Mtaa wa Kongo siku ya operesheni utaiona modeli hiyo ikitembea. Bidhaa zimetandazwa kwenye turubai lenye kamba pembeni, na mwenye nazo ameshika ncha bila hata kuitazama. Habari ya mgambo inaanzia mbali, upande wa Msimbazi, inapita kwa miluzi na macho. Kamba inavutwa, turubai linakuwa furushi, furushi liko begani, na mgambo wanapofika wanakuta mtaa msafi na vijana wanaonunua maji. Robo saa baadaye turubai lile lile liko chini, pengine hatua tano kutoka lilipokuwa. Wanachokiona askari siku nzima ni mtaa unaotii. Wanauona utiifu kwa sababu wapo.

Sehemu ya pili ya hesabu ya Epstein, ile ya kuikubali au kutoikubali mamlaka, ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Ni kuzidisha, na ukizidisha shida kubwa kwa sifuri unapata sifuri: mtu mwenye dhiki anayeamini kwamba utaratibu ni wa haki hatatafuta tundu. Desemba 2018 wafanyabiashara wadogo walianza kupewa vitambulisho kwa shilingi 20,000. Wengi walikivaa shingoni kwa fahari, na aliyekuwa nacho hakuwa na sababu ya kukimbia. Oktoba 2021 ukaja mpango wa kuwahamishia maeneo maalumu, na wale wale wakajikuta tena wakichungulia kona. Sisemi barabara za waenda kwa miguu zibaki zimezibwa. Mama mwenye mtoto mgongoni ana haki ya kupita Kariakoo bila kushuka kwenye lami yenye magari. Lakini mpango uliompangia muuzaji mahali bila kumpangia mteja njia ya kupita pale umeacha shida palepale. Tulikwisha kuliona somo hili Ilala, ambako jengo la Machinga Complex lilikaa miaka lina vizimba vitupu kwa sababu mteja wa Dar hapandi ghorofa kutafuta soksi.

Operesheni zenyewe zina utafiti wake. Lawrence Sherman alipitia visa vingi vya misako ya polisi na mwaka 1990 akaeleza kwamba woga huwa mkubwa mwanzoni, hupungua watu wanapozoea, lakini pia hubaki kidogo hata baada ya msako kwisha. Mabaki hayo ndiyo mali. Christopher Koper, akitumia takwimu za Minneapolis, alionyesha mwaka 1995 kwamba askari akikaa sehemu yenye matatizo kama robo saa kisha akaondoka, utulivu unaobaki nyuma ni mrefu kuliko akipita tu, na kuendelea kukaa hakuongezi mengi. Yaani fika, kaa kidogo, ondoka, rudi saa wasiyoijua. Operesheni yetu ya kawaida inafanya kinyume: inatangazwa kwa vyombo vya habari na tarehe yake, inakuja na magari kumi kwa wiki mbili, halafu kimya. Mtaani wanaiita nguvu ya soda, na wanajua kuingoja itulie.

Hatari nyingine imo kwenye takwimu zinazozaliwa na ulinzi huu. Mwaka 2016 Kristian Lum na William Isaac waliichunguza programu ya kutabiri uhalifu kwa kuilisha kumbukumbu za makosa ya dawa za kulevya za polisi wa Oakland, Marekani. Programu ikawa inawaelekeza askari kwenye mitaa ile ile ya watu weusi na wa kipato cha chini, ingawa makadirio ya afya yalionyesha matumizi ya dawa yameenea mjini kote. Waliotumwa wangekamata tena palepale, na kumbukumbu mpya zingethibitisha za zamani. Dar hatuhitaji kompyuta kufika huko. Bodaboda wanakamatwa kwa wingi kwenye njia ya mwendokasi pale Magomeni na Manzese kwa sababu askari wako pale, na mbali na macho yao magari binafsi yanapenya na hayaandikwi popote. Mwisho wa mwaka karatasi itasema tatizo ni bodaboda.

Na hapa ndipo ninapotaka kusimama muda mrefu kuliko kwingine, kwa sababu karibu kila modeli ya barabara zetu niliyowahi kuisikia ikizungumzwa ina wahusika wawili tu, dereva na trafiki. Yuko wa tatu. Daladala nyingi zinaendeshwa kwa hesabu: dereva na konda wanachukua gari alfajiri, na usiku wanampelekea mwenye gari kiasi kilichopangwa, foleni iwe imewapiga au haikuwapiga, mafuta yawe yamepanda au hayakupanda. Kinachozidi ndicho chakula chao. Rudi sasa kwenye ile hesabu ya kukatisha ruti. Saa kumi na mbili jioni hesabu ya bosi haijatimia, na akirudi pungufu siku tatu mfululizo gari atapewa mwingine. Kwa mtu huyo 10,000 ya ziada si faida. Ni kubaki kazini. Faini ya 30,000 ni hasara ya kesho inayoweza kutokea, hesabu pungufu ni hasara ya leo isiyo na shaka. Atakatisha, atajaza, atakimbia, na akiona trafiki atawachuchumalisha abiria. Ukipandisha faini umemwongezea deni, hujamgusa aliyeipanga hesabu.

Madereva walilisema hili wenyewe. Mwaka 2015, Aprili na tena Mei, waligoma nchi nzima, na pamoja na malalamiko ya kutakiwa kurudi chuoni mara kwa mara ili kuhuisha leseni, walidai mikataba ya ajira. Sheria inautaka mkataba tangu zamani. Kwa maneno mengine, kuna ukwepaji mkubwa unaofanyika mbali na barabara, ndani ya ofisi na sebuleni kwa wenye magari, na hakuna tochi inayomulika huko. Dereva mwenye mshahara ana sababu chache sana za kukatisha ruti, kwa kuwa zile 10,000 si zake tena.

Kumulika huko hakuhitaji kamera wala mtambo. Leseni ya usafirishaji huhuishwa, na mwenye gari ndiye anayeiomba. Anaweza kuambiwa aje na dereva wake, na dereva aulizwe peke yake, bosi akiwa nje: unalipwa vipi, kwa mwezi au kwa hesabu? Stakabadhi za mishahara ya miezi iliyopita zinaweza kulinganishwa na michango ya hifadhi ya jamii yenye jina lile lile. Baadhi watatengeneza karatasi za uongo, hilo modeli inalitabiri, lakini kumlipia mtu michango kila mwezi ili kudumisha uongo kunakaribia gharama ya kumwajiri kweli. Anayefanya kazi hii awe mkaguzi mwenye meza na kivuli, kwa saa zisizotangazwa, na yule askari wa pale kwenye mwarobaini apelekwe mbele ya shule.